Kukaa Nje ya Ngalawa

Katika watu wote niliowafundisha kuendesha chombo kwa tanga, aliyeshika upesi kuliko wengine ni mwanamke asiyethubutu kutoa mkono nje ya chombo. Hata kufua maji, yaani kuyatoa chomboni, hufua kwa kopo lenye mpini mrefu, na akimaliza huurudisha mkono kifuani kama mtu aliyenusurika kuungua. Upepo ukigeuka, yeye huwa amejua kabla yangu. Demani, ile kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, huishika kana kwamba alizaliwa nayo. Lakini kukaa nje, juu ya mti unaotokeza ubavuni mwa ngalawa, maji yakipita chini ya miguu, hajakaa hata siku moja. Na ngalawa ndogo isiyo na mtu wa kukaa nje, upepo ukikaza, hulala ubavu.

Kazi yangu ni kufundisha tanga. Kuendesha nilijifunza utotoni humu humu deltani, lakini kufundisha nilijifunzia Dar es Salaam, kwenye hoteli moja ya ufukweni. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwapandisha wageni kwenye vimashua vya plastiki na kuwapindua makusudi, ili waone kwamba kupinduka si kufa. Hoteli ilipopata wenyewe wapya nikarudi Kibiti, nikijua kazi hiyo imekwisha, maana nani wa Mbwera, kule visiwani, atataka kufundishwa tanga? Kumbe wapo. Waliozaliwa baada yetu wamekua na injini. Petroli ilipopanda walikwenda kuzitazama ngalawa za baba zao zilizolala chini ya minazi, wakagundua kwamba hawajui pa kuanzia. Basi mimi hupanda boti Nyamisati, hukaa Mbwera siku kadhaa, na humfundisha yeyote anayekuja.

Yeye alikuja akiwa amemshika mumewe mkono. Mume nilimfahamu. Watu wote walimwita nahodha, na kwa miaka mingi alikuwa akikusanya kaa na dagaa kwenye kambi za wavuvi na kuwapeleka Nyamisati kwa tanga, hata wenzake walipohamia kwenye injini. Sasa macho yake yote mawili yalikuwa meupe kama maji ya mchele.

"Mwalimu, nimekuletea mwanafunzi," alisema. "Mkali kidogo, ila hali sana."

"Anayekula ni yeye," mke akasema. "Mimi kazi yangu kupika."

Tulipoketi wakanieleza jambo lenyewe. Baba yake nahodha alifariki akaacha ngalawa moja na wana wawili, pamoja na agizo moja: chombo kikae kwa yule anayekwenda nacho majini. Nahodha, kwa kuwa mkubwa, ndiye aliyekwenda nacho. Mdogo wake alibaki kuwa baharia kwenye vyombo vya watu wengine, na hakuwahi kulalamika. Lakini macho ya kaka yalipoingia kiza, mdogo alikuja jioni moja, akanywa chai, akauliza taratibu: je, chombo sasa kinakwenda majini na nani?

Swali lilikuwa la haki. Nahodha mwenyewe alikiri hivyo. Akamwomba mdogo wake ampe muda mkewe ajifunze. Kama mke atampeleka Nyamisati na kumrudisha, yeye akiwa abiria tu, ngalawa ibaki nyumbani. Akishindwa, mdogo aichukue. Mdogo akakubali huku akicheka.

"Akiichukua hatatutupa," mke aliniambia. "Kila jioni ataleta kaa wawili mlangoni, nami nitasema asante, shemeji. Kesho tena asante, shemeji. Mpaka lini, mwalimu?"

Tulianzia kwenye kijito, mikoko ikizuia upepo. Hapo ndipo nilipoona wepesi wake. Nilimwonyesha mara moja namna ya kubisha, yaani kwenda mshazari kuuelekea upepo, kisha kugeuza na kwenda mshazari mwingine, naye akafanya kana kwamba ananikumbusha mimi. Usukani nilimfungia kijiti kirefu, ujanja nilioutoa hotelini, ili aweze kuongoza akiwa amekaa juu ya mti wa nyuma, ule unaokingama na kutokeza pande zote mbili za ngalawa. Aliutazama ule mti, akakitazama kijiti, akakaa ndani.

Tulipotoka mlangoni, mahali mikoko inapoishia na bahari kuanza, upepo ulitupiga ubavuni. Ngalawa ikainama. Yeye, badala ya kwenda juu, akapiga magoti chini kabisa, mikono ndani.

"Toka nje, dada," nikamwambia.

"Nje wapi?"

"Juu ya mti. Upande unakotoka upepo."

"Huko kuna maji."

"Kila mahali kuna maji."

"Ndiyo maana nimekaa ndani."

Nikatoka mimi, ngalawa ikanyooka, naye akaendelea kuongoza vizuri kama hakuna kilichotokea. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu pia. Nilidhani anaogopa kuzama. Watu wa namna hiyo nimewaona wengi, na dawa yao ninayo. Nikamwambia kesho nitaipindua ngalawa kwenye maji ya kiunoni ili azoee.

"Ukinipindua," alisema bila kupandisha sauti, "mimi na wewe tumeachana hapo hapo."

Ndipo nilipofanya nililopaswa kulifanya tangu mwanzo: nikamuuliza ametoka wapi. Ametoka Ngorongo, bara huko kwenye bonde la mto, aliolewa akaja huku kwenye visiwa. Kwao mtu hateki maji ila ndani ya uzio wa miti uliochomekwa mtoni, na hata humo huteka akiwa anatazama. Mama yake mdogo alikuwa na mkono mmoja. Mwingine uliondoka na mamba akisuuza sufuria. Yeye mwenyewe amepiga kasia tangu utoto, kuvuka kwenda shamba la mpunga ng'ambo. Mtumbwi ukiyumba, wewe unapiga magoti, unashuka chini, mikono ndani. Bibi yake alikuwa akiwaambia watoto: mkono wako ni wako ukiwa ndani ya mtumbwi, ukiutoa nje una mwenyewe mwingine.

Kwa hiyo kila alichokifanya pale mlangoni kilikuwa sahihi, ila kwenye maji mengine. Mwili wake ulikuwa umefundishwa kabla sijaufikia, na aliyeufundisha hakuwa na nafasi ya kurudia somo.

"Huku ni maji ya chumvi," nikamwambia. "Mamba ni nadra."

"Nadra ni wangapi?"



Hakukaa bure. Siku moja nilimkuta amejaza mchanga kwenye kiroba na kukifunga mwisho wa mti, upande wa upepo. "Huyu ndiye baharia wangu," akasema. "Haogopi, haombi chai." Tukatoka, na kweli kiroba kilikaa nje kama mtu. Tulikwenda vizuri mpaka tulipotakiwa kugeuza. Tanga likahamia upande wa pili, upepo ukatoka upande wa pili, na baharia wetu akabaki alipofungwa, sasa akiisaidia ngalawa kuzama. Nilikikata kwa kisu wakati maji yanaingia. Tulifua maji mpaka chombo kikaelea sawasawa.

"Baharia mwenyewe kumbe mvivu," akasema mwishowe.

Siku ya mtihani mimi na shemeji yake tulifuata nyuma kwenye boti ya injini, kwa umbali wa kuonana na kusikiana. Ndani ya ngalawa walikuwa wao wawili tu, mke usukanini, nahodha ameketi mbele kwenye gunia, uso umeelekea upande wa upepo. Kwenye vijito hawakuwa na shida. Shemeji alikuwa akitazama bila kusema, na mara mbili nilimsikia akiguna kwa namna ya mtu anayesifu asichotaka kusifu. Aliniambia naye ana watoto, na amechoka kuwa baharia wa watu.

Mlangoni upepo ukakaza. Ngalawa ikainama, na nikamwona mke akishuka magotini kama kawaida yake. Nikajua imekwisha. Kisha nikasikia sauti yake, si ya woga, ni sauti ya amri: "Toka."

Nahodha akasimama. Akapapasa mti kwa mikono, akaufuata mpaka nje kabisa, akakaa, miguu ikining'inia. Ngalawa ikanyooka. Walipofika mahali pa kugeuza akaambiwa "Ndani," akaingia. Akaambiwa "Kulia," akapapasa akatoka kulia. Walikwenda hivyo mpaka Nyamisati na kurudi. Uso wa yule mzee ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu.

Pwani shemeji alikuwa wa kwanza kuzungumza.

"Kaka, tulikubaliana uwe abiria. Nimekuona juu ya mti."

"Usukani ulishikwa na nani?"

"Na shemeji, mkeo."

"Demani?"

"Na shemeji. Lakini wewe ulikaa nje."

"Mimi sioni," nahodha alisema. "Mimi ni mzigo. Mzigo hukaa pale nahodha anapouweka."

Watu waliokuwa wakipakua nazi walicheka, na shemeji naye akacheka, kwa sababu lilikuwa neno la kucheka. Halafu akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalo mdomoni.

"Na siku kaka hayupo?"

Mke alikuwa akikunja tanga. Alipomaliza, akasema, "Siku hiyo njoo uangalie, shemeji."

Ngalawa ikabaki nyumbani. Wamefanya kazi hivyo tangu hapo, yeye ndani akiamuru, mume nje akitii, na kambini watu huwatania kwamba ndoa yao ndiyo ya kwanza Mbwera kuendeshwa na mke wazi wazi.

Sasa nahodha ameitwa kwenda Dar es Salaam kupasuliwa mtoto wa jicho. Ni wiki ijayo. Binti yao atampokea Nyamisati na kupanda naye basi. Kwenda, watakuwa wawili kwenye ngalawa. Kurudi, mke atakuwa peke yake, chombo kitupu, na upepo wa kusi, ambao umeanza kuvuma wiki hii, atakuwa akiubisha njia nzima. Shemeji ameshasema atakuwa pwani. Hakulisema kwa ubaya.

Nilimwambia nitamsindikiza.

"Wakikuona ndani watasema ngalawa imeletwa na mwalimu," akajibu. "Safari hii sitaki mzigo."

Nikamuuliza kama atatoka nje. Aliendelea kukaza fundo alilokuwa akilifunga. Alikuwa anafunga kipande cha mkeka, alichokisuka mwenyewe kwa ukili, juu ya mti wa nyuma, nje kabisa, mahali pa mtu kukaa. Cha upande wa pili alikuwa ameshakifunga.

Jana nilipoondoka Mbwera nilipita kuitazama ngalawa. Mikeka yote miwili ilikuwa mikavu, bado haijakaliwa.