Simu ya Fundi Cherehani

Shoga yangu fundi cherehani, tuliyeshibana naye tangu usichana, huongea huku amebana pini midomoni, na sijaona hata moja ikimdondoka. Simu yake huiegemeza kwenye kopo la nyuzi, ikiwa hewani na bintiye aliye ng'ambo. Yeye anashona, binti anafua, na hukaa kimya mpaka ukadhani wamenuniana. Jana nilimlalamikia kwamba mwanangu, tangu asafiri, hunikatia simu kabla hatujazungumza lolote.

"Ataachaje kukata, mwenzangu? Umekula? Umelala? Umevaa sweta? Wewe ni mama au polisi?"

Akaichukua simu yangu kwa vidole vyake vyenye sugu za sindano, akampigia. "Baba, mama yako yuko hapa kwangu. Leo hana swali. Endelea na shughuli zako, ila simu usikate."

Akaiegemeza karibu na yake, akanikazia macho, kisha akarudi kwenye cherehani. Nikauma midomo. Kitambo kikapita, nikasikia kijiko kikigonga sahani, tena na tena, bila haraka. Mwanangu alikuwa anakula, na wala sikumuuliza.