Nilimtembeza Binti Yangu Nchi ya Mama Yake

Mke wangu alifariki mwezi wa pili, na hadi likizo ya mwezi wa sita binti yetu alikuwa hajasema neno nami. Sisemi alinuna. Kununa nakujua, nimefundisha watoto miaka ishirini. Huyu alikuwa akiamka, anafua, anakula anachopewa, anasoma, lakini sauti haitoki. Matroni wa bweni lake alinipigia kuniambia hata darasani hajibu, anaandika tu. Alikuwa na miaka kumi na sita, na ndiye mtoto wetu wa pekee.

Mwanza kila mtu alikuwa na ushauri. Daktari alisema nimpe muda. Shehe alinipa dua ya kusoma. Mama yangu alitaka tumpeleke kwa mganga, na siku moja niliona nakaribia kukubali. Ndipo nikakumbuka ahadi ya marehemu.

Mke wangu alikuwa Mmwera wa Nachingwea. Kila mwaka alimwambia binti, "Likizo hii tunakwenda kwetu, nikakuonyeshe." Angemwonyesha tuta la reli ya zamani alilokuwa akilifuata kwenda shule, na mahali walipofanyia mazoezi wapigania uhuru wa Msumbiji, na pango la upande wa Ruangwa ambamo, kwa masimulizi ya kwao, wazee wao walijificha wakati wa vita vya Majimaji. Kila mwaka likazuka jambo. Nikafikiri, nikimpeleka huko atakutana na mama yake kidogo, na akikutana naye atafungua mdomo. Mfa maji hukamata maji. Nikaomba likizo, nikakata tiketi.

Tulisafiri siku tatu. Alikaa dirishani, nami nilisoma vibao vya miji kwa sauti, kimoja baada ya kingine, kama kichaa.

Kijijini Naipingo alitupokea shemeji yangu, kaka wa marehemu, mkulima wa korosho na ufuta. Alimshika mtoto mabega yote mawili. "Karibu mjomba wangu, umefika kwenu." Binti akapiga goti kidogo, akampa mkono, basi. Shemeji alinigeukia.

"Hajambo kweli huyu?"

"Amechoka na safari," nikasema.

Kesho yake tulikwenda kwenye tuta la reli, sisi watatu. Reli yenyewe iling'olewa zamani. Limebaki tuta la kokoto lililoota majani. Mimi ni mwalimu wa historia, na kimya kile nilikijaza kwa kazi niliyoizoea. Nikaeleza jinsi Waingereza walivyokuja baada ya vita kuu ya pili, wakafyeka pori kwa matrekta wakitaka karanga, wakajenga reli kutoka baharini, halafu ardhi ikawashinda. Binti aliokota kokoto, akaitazama, akaiacha ianguke. Nikajisikia nikiuliza, kwa sauti ya darasani, pale porini, "Sasa, kwa nini mradi ulishindwa?"

Upepo ulipita kwenye majani. Nikarudia swali. Mara ya tatu shemeji akanionea huruma. "Mvua, shemeji," akasema polepole. "Mvua hazikutosha."

Siku ya pili nilimpeleka mjini, kwenye chumba kimoja ambamo tuliambiwa vimewekwa vitu vya kale vya wilaya. Tulikuta kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani.

"Nimetoka Mwanza," nikamwambia mlinzi. "Nimetoka Mwanza kwa ajili ya chumba hiki."

"Hata ungetoka Ulaya, mwalimu, ufunguo haupo."

Nikaweka viganja kwenye kioo cha dirisha, nikachungulia. "Njoo uone! Kuna kinu. Kuna bunduki ya kizamani. Kuna ngoma kubwa, mama yako alikuwa akiizungumzia hii." Uongo. Mama yake hakuwahi kuizungumzia ngoma yoyote. Nilipogeuka, alikuwa amekaa kwenye ngazi, amenipa mgongo. Hapo nikapasuka.

"Unataka nifanye nini? Sema! Unataka nife mimi, arudi yeye?"

Mlinzi aliinamisha uso. Binti yangu alisimama, akajipangusa vumbi, akaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta wa pili akisubiri tuondoke. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nataka kumwomba radhi, na kila nilipofungua kinywa nikaona nitalia mbele ya watu.

Siku ya tatu shemeji alibaki shambani kuvuna ufuta. Sisi tukapanda basi dogo hadi Ruangwa, kisha bodaboda kuelekea Mbekenyera, mshikaki, dereva mbele na sisi wawili nyuma yake. Barabara ilikuwa vumbi tupu, na pande zote matita ya ufuta yalikuwa yamesimamishwa yakikauka. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya baraghashia, na pango alilijua. Alituacha chini ya mwamba, akajilaza pembeni ya pikipiki yake.

Niliingia mbele nikimulika kwa simu. Lilikuwa pango la chini, lazima uiname, linanuka mavi ya popo. "Hapa ndipo walipokaa," nikasema. "Wanawake na watoto. Moto hawakuwasha, moshi ungewasaliti. Fikiria, mwanangu, mtoto mchanga humu, na haruhusiwi kulia." Nikaendelea hivyo muda mrefu. Nilipogeuka kumwonyesha dari, hapakuwa na mtu nyuma yangu.

Nikatoka. Hayupo. Dereva alikuwa amelala, hakumwona. Nikamwita binti kwa jina lake, kisha kwa jina la utoto alilopewa na mama yake, nikaita mpaka sauti ikakauka. Tukazunguka mwamba, yeye kulia, mimi kushoto. Kisha nikaupanda. Upande wa pili unakatika ghafla, na chini ni mawe. Nilitambaa kwa tumbo hadi karibu na ukingo, na hapo nikashindwa. Sikuthubutu kuchungulia. Nililala nimekumbatia jiwe la moto, namwahidi Mungu mambo ambayo hata siwezi kuyataja, kwa sababu niliyaahidi yote.

Dereva ndiye aliyechungulia. "Hakuna kitu, mzee," akasema kutoka juu yangu. "Amka. Hakuna kitu." Akaninyanyua kwa kwapa. Kisha akaonyesha bondeni. "Kule kuna Wasukuma wamehamia na ng'ombe zao. Tukaulize."

Tulishuka kwa njia ya ng'ombe. Nilianza kusikia kengele, kisha sauti ya mwanamke akigombeza ndama kwa Kisukuma, lugha yangu, katika nchi ya Wamwera. Nje ya boma la miiba mama wa makamo alikuwa amekaa akisukasuka kibuyu cha maziwa. Mbele yake binti yangu alikuwa amechuchumaa, ameshika kamba ya ndama yule, na alikuwa anazungumza.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia yule mama. Sijui hata ilivyotoka.

Akaitikia kwa kicheko. Akamuuliza binti yangu kwa Kisukuma kama huyu ndiye baba yake, naye akajibu, kwa Kisukuma alichofundishwa na bibi yake, kwamba ndiye. Nilikaa chini palepale, kwenye samadi.

Mama yule alisema wamehama na mifugo kutoka kando ya ziwa, na binti alishuka mwenyewe aliposikia maneno ya kwao. "Amenieleza habari za mama yake," akasema. "Pole sana, baba."

"Amekuelezaje?"

Alimtazama binti. "Muulize mwenyewe. Si huyu hapa?"

Sikuuliza. Alianza yeye, kwa Kiswahili, bila kuniangalia, mkono ukiwa shingoni mwa ndama.

"Uliniambia anaendelea vizuri."

Nikageuza uso kwa yule mama, naye akaendelea kusukasuka kibuyu.

"Nilikupigia kwa simu ya matroni Jumapili. Nikakwambia nataka kuja. Ukasema nikae nifanye mtihani, mama anaendelea vizuri. Nilipofika mlikuwa mmeshamzika."

"Kuzika haraka ni dini yetu, mwanangu."

"Sisemi kuzika, Baba. Nasema Jumapili."

Jumapili ile nilikuwa najua. Daktari aliniita Ijumaa, akaniambia hakuna la kufanya tena. "Sikutaka uumie," nikasema, na nilipoyasikia maneno hayo yakitoka niliona yalivyo mepesi.

"Aliniulizia?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na jibu tayari, zuri, la kumtuliza. Lakini macho ya yule mama yalikuwa juu yangu, na nilikuwa nimechoka.

"Alikuulizia kila siku. Nilimwambia uko njiani."

Binti alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Ulimwambia niko njiani."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alikuwa ananisubiri."

"Alikuwa akitazama mlango," nikasema.

Kilio alichotoa hapo sikukijua kama ni cha mtoto wangu. Nilitaka kumshika, nikaona sina haki hiyo. Yule mama aliweka kibuyu chini, akamvuta kifuani, akambembeleza kwa Kisukuma kama mwanawe: ng'wana wane, ng'wana wane. Dereva alikwenda mbali, akasimama akiangalia ng'ombe. Mimi nilibaki nimekaa nilipokaa hadi jua likapoa.

Tuliporudi Naipingo nilimuuliza kama kesho yake angetaka kuona kambi ya wapigania uhuru, maana ndiyo iliyobaki.

"Hapana, Baba. Mama hayuko huko. Nataka kukaa na mjomba."

Basi hatukwenda kokote tena. Siku zilizobaki alikuwa shambani na mjomba wake wakikung'uta ufuta juu ya turubai, na niliwasikia wakizungumza, maneno machache, ya kazi. Kwangu alikuja jioni tu, kabla ya chakula, kila jioni na swali moja juu ya siku zile za hospitali. Alikula nini. Nani alimwosha. Alilalamika? Nilijibu yote nilivyoyaona, hata yaliyokuwa mabaya, na baada ya jibu aliinuka akaenda zake bila kuniambia asante wala pole.

Asubuhi ya kuondoka, mabegi yakiwa nje, aliniuliza la mwisho: kama mama yake alijua kwamba namdanganya.

Nilimwambia sijui. Hadi leo sijui.