Tulipokwenda Kusalimia Nchelenge

Harufu ya mihogo iliyolowekwa haina adabu. Huingia ndani bila hodi, hung'ang'ania nguo, na mgeni asiyeizoea hudhani kuna kitu kimeoza nyuma ya nyumba. Juzi jirani yangu hapa Ndola alitoa mihogo yake majini akaianika juu ya magunia, karibu kabisa na dirisha langu. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu imevimba, sina hamu hata ya kupika. Badala ya kufunga dirisha nikavuta kiti, nikakaa. Nikajiona mtoto tena, nimesimama ufukweni mwa Ziwa Mweru ndani ya harufu hiyohiyo, mchanga umejaa viatuni, na mama yangu ananivuta mkono.

Sisi tulikuwa tunakaa Kilwa. Siyo ile ya pwani ya Tanzania, bali Kilwa ya Kongo, iliyo ukingoni mwa Mweru. Baba alikuwa mfanyabiashara wa samaki, Mkongomani. Mama alikuwa Mbemba wa Nchelenge, upande wa Zambia, na alivuka maji kwa ajili ya ndoa. Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha. Vita vilikuwa bado mbali, upande wa kaskazini, lakini kila boti iliyoshuka kutoka Pweto ilivileta karibu kidogo. Watu walikuwa wameanza kulala na viatu.

Baba alikuwa haendi tena sokoni. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni, miguu imefura hadi magotini, akawa anapumua kama mtu aliyepanda kilima. Nyumbani tulisema, "Baba amechoka." Mimi nililiamini neno hilo moja kwa moja, kwa sababu mama naye alikuwa amechoka, shangazi alikuwa amechoka, hata mbuzi wa jirani walikuwa wanalala barabarani mchana kutwa. Niliona ni ugonjwa wa mji mzima, na dawa yake ni usingizi.

Siku moja mama aliniambia, "Chola, tunaenda kusalimia kwetu." Nilifurahi. Sikuwahi kuvuka ziwa. Asubuhi ya safari baba aliweka mkono wake kichwani pangu akauacha hapo muda mrefu, hata nikaanza kuona uzito. Kisha akasema, "Enda. Usisumbue bantu." Shangazi, dada yake baba, alibaki kumtunza.

Katika boti ya injini tulikaa juu ya magunia, tukizungukwa na wanawake wa biashara waliokuwa wanapiga kelele kushinda injini yenyewe. Mama alilala akiwa ameketi, kichwa wima, kama askari. Tulipofika Nchelenge, mtu wa uhamiaji alimuuliza anatoka wapi. Mama alimwangalia kwa macho mekundu ya usingizi akamjibu, "Mi mutoto ya hapa." Yule bwana akacheka, akampisha.

Bibi yangu alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuita kuku. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia samaki: alijua kuhesabu, kubishana na kutukana, basi. Na hapo ndipo nilipopata tabu yangu ya kwanza. Kwa Kibemba, "mama" ni bibi. Mama mzazi huitwa "mayo". Mimi nikiita "Mama!" walikuwa wanaitika wote wawili, na mara nyingi aliyewahi ni bibi, na mkononi alikuwa na chakula. Sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Kesho yake tukaanza kusalimia. Wasomaji wangu, nawaomba mnielewe: nilidhani kusalimia ni shughuli ya asubuhi moja. Tulizunguka siku nyingi mpaka nikapoteza hesabu. Tulikwenda kwa wajane, kwa mwalimu mstaafu, kwa wanawake waliocheza na mama utotoni, kwa mzee mmoja kiziwi aliyetukaribisha vizuri sana ingawa hakutujua hata kidogo. Jua lilichoma, mchanga ulichoma, na kila nyumba walisonga ugali. Mama hakuruhusu nikatae. "Mtoto asiyetembea," alisema, akinukuu msemo wa kwao, "husifu upishi wa mama yake tu." Nilitembea, nikala, na bado nikasifu upishi wa mama yangu, kimoyomoyo, kwa sababu tumbo lilikuwa linaniuma.

Kila nyumba mama alifanya jambo lilelile. Alinisogeza mbele, akaniambia nipige magoti na kupiga makofi ya heshima, kisha akasema jina langu polepole, kama anamfundisha mtu wimbo. "Huyu ni Chola. Mutoto yangu. Anajua kuteka maji. Anajua kulea mutoto mudogo." Niliona haya. Nilijihisi kama shuka linalokunjuliwa sokoni.

Nyumba niliyoipenda ni moja, ya Ba Kunda, "Ba" ikiwa ni heshima ya Kibemba, rafiki wa mama tangu walipokuwa wasichana. Ba Kunda alikuwa ananunua dagaa kwa wavuvi na kuwauzia Wakongomani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kinatiririka. Alipotuona alitupa ungo chini.

"Mulenga! Ni weye? Juu ya nini unakonda hivi?"

Sikuwahi kumsikia mtu akimwita mama yangu Mulenga. Kilwa alikuwa Mama Chola, na nilidhani alizaliwa na jina hilo. Wale wawili walishikana mikono, wakakaa kwenye mkeka wakacheka hadi wakafuta machozi, na machozi ya mama hayakukauka hata kicheko kilipokwisha. Ba Kunda alimtazama, akaacha kucheka.

"Bwana yako?"

"Anachoka," mama alisema.

"Anachoka namna gani?"

Mama aliuvuta ule ungo, akaupangusa mchanga. Ba Kunda akanigeukia, akanishika kidevu, akanichunguza meno kama mnunuzi wa mbuzi. "Huyu anakula sana?" aliuliza.

"Anakula kidogo."

"Mwongo," Ba Kunda alisema, akanijazia sahani.

Nyumba ya mwisho haikuwa nyumba. Ilikuwa kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na soko, na mwenye kibanda alikuwa mjomba wangu Musonda, kaka mkubwa wa mama. Hawakuwa wamesemezana tangu babu alipofariki. Mama hakufika mazishini; mimi nilikuwa nimezaliwa wiki hiyohiyo, na ziwa lilikuwa limechafuka. Mjomba aliijua sababu. Kuijua hakukumsaidia.

Alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu na kusikiliza mlio wake. Mama alipiga magoti mchangani, nami nikapiga magoti nyuma yake.

"Yaya," alimwita, yaani mkubwa wangu, "nakuja kukusalimia."

Gurudumu likazunguka. Mjomba akakaza spoku moja, akalizungusha tena. Watu sokoni walianza kututazama. Mama hakuinuka. Jasho lilimtoka shingoni likalowesha blauzi yake, na mimi niliona aibu hata nikatamani ziwa lifurike.

"Tulikungoja," mjomba alisema mwishowe, bila kugeuka. "Mzee alilala ndani bila kuzikwa mpaka jirani wakanong'ona. Tulikungoja wewe."

"Najua, yaya."

"Sasa unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nakuletea mutoto yako."

Hapo nilishtuka. Mimi nilikuwa na baba, nimemwacha Kilwa kwenye kiti, na sasa mama ananipa baba mwingine, mwenye grisi mikononi! Sikujua kwamba kwa Wabemba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Mjomba alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa macho ya mama, kabisa, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Inuka," alimwambia mama. "Jua kali." Akarudi kwenye kazi yake. Mama aliinuka, akapangusa magoti, na tulipokuwa tunarudi alitembea kama mtu aliyetua mtungi.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta kitambaa chake cha kufungia mizigo kimefungwa. Tulikwenda hadi ufukweni, bibi akiwa amenishika mkono mmoja. Mama aliinama mbele yangu.

"Chola, unabaki na Mama. Mi narudia baba yako."

"Na mimi nataka kwenda."

"Hapana."

"Ulisema tunakuja kusalimia!"

"Njo tumesalimia," alisema, yaani ndiyo, tumekwisha salimia. Akapanda boti. Sikulia. Nilikasirika, na hasira ya mtoto ni nzito. Niliigeuzia boti mgongo kabla haijatoka, nikakaa hivyo mpaka injini iliposikika mbali. Niliamini amenikataa kwa sababu nilikula sana. Siku kadhaa nilikataa kula kwa bibi, nikidhani habari zitavuka maji na kumfikia.

Mvua zikaja. Vita vikasogea, boti zikawa zinavuka zimejaa watu na magodoro, na mama hakuwamo. Katikati ya masika bibi aliugua kifua, na kabla ya mahindi kukomaa tukamzika. Hapakuwa na njia ya kumngoja mama, na hakuna aliyemlaumu. Siku ya tatu baada ya mazishi ndugu walikaa kujadiliana niende wapi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ukuta nasikiliza. Nyumba hii ina watoto wengi, wakasema, ile ina mgonjwa. Ndipo ikasikika sauti ya Ba Kunda, ambaye hakuwa ndugu wala hakualikwa: "Huyo najua anavyokula. Nampeleka kwangu." Na mjomba Musonda akasema, "Mimi nitamfikisha shule." Akanifikisha kweli, asubuhi baada ya asubuhi, nimekaa nyuma ya baiskeli yake.

Mama alikuja wakati wa kiangazi, amenyoa nywele, amevaa kitambaa cheusi. Baba alikuwa hawezi kubebwa kwenye boti, wala hakutaka. Mama alikaa naye hadi mwisho. Mjomba ndiye aliyempokea ufukweni, akamwambia habari za bibi, akamfungia mzigo wake kwenye baiskeli na kuisukuma taratibu kando yake mpaka kwa Ba Kunda. Mama aliketi kizingitini, akalala hapohapo kabla ya maji ya kuoga kuchemka. Mimi nilisimama mbali. Ilinichukua majuma mengi kumwita mayo.

Miaka ilipita, nikaolewa, nikazaa. Siku moja tukiwa jikoni, mimi na mama tukichambua sombe, yaani kisamvu, nilimuuliza jambo lililokuwa limenikaa kooni tangu utoto: zile siku zote za kuzunguka juani, akinikunjua mbele ya watu, alikuwa anajua bibi hatadumu? Alikuwa anajua ni Ba Kunda atakayenichukua?

Aliendelea kuchambua majani. Mikono yake ilikuwa imezeeka kuliko uso wake.

"Sikujua," alisema. "Njo maana tulipita nyumba zote."