Mama Apana na Ng'ombe wa Kiriri

Mtaa mzima wa Nyakabiga ulimwita Mama Apana, yaani Mama Hapana, na aliyemwita hivyo hakumwita kwa mapenzi. Jina lake hasa lilikuwa Béatrice, binti Cirimwami, mzaliwa wa Kabare, huko Kongo, ng'ambo ya mto Ruzizi. Katika nyumba ya vyumba vitatu alilea watoto ambao vita viliwaacha bila baba wala mama. Watu wenye huruma walipoleta chochote, alisimama kizingitini, mikono kiunoni, akakikagua kwa jicho la mama mkwe anayehesabiwa mahari pungufu. Aliletewa unga uliojaa wadudu, akamwambia aliyeuleta akoroge uji anywe yeye kwanza. Aliletewa viatu vya kike vya visigino virefu, akavirudisha bila hata kumkaribisha mgeni kiti. Mama mmoja tajiri alileta magodoro, ila alitaka watoto wapigwe picha wakiwa sakafuni, tena kabla hawajaoga. Huyo alitimuliwa hadi barabarani, na godoro moja likamfuata mgongoni.

"Hapa hatuuzishe batoto!" Béatrice alimpigia kelele, majirani wakatoka kutazama.

Aliyeteseka zaidi na ukali huo ni Mzee Jovithe, mwenyekiti wa komite ya ile nyumba, karani mstaafu mwenye suti moja na maneno matamu. Kazi yake ilikuwa kubisha hodi kwa matajiri akiomba, na kila alichokipata kwa jasho kilifia mlangoni kwa Béatrice. Walikuwa wakigombana kila wiki. Jovithe alisema mkono mtupu haulambwi, na kwamba siku moja wafadhili watawachoka.

"Bachoke," Béatrice alijibu. "Mwenye kupana anapana, anaenda kwake. Mwenye kubaki ku mulango anangoja kitu, ule hakupana, anakopesha. Na mi sikopake."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba, na haikuandikwa popote. Zawadi ilipokelewa kama mwenyewe alikuwa tayari kugeuka na kwenda zake. Aliyekuwa na neno la pili alirudi na mzigo wake.

Ukali huo hakuzaliwa nao. Alipokuja Bujumbura alikuwa msichana wa kuuza unga wa muhogo, mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika mtaa wa pili. Akaolewa na Ildephonse, fundi seremala wa Mutakura, Mrundi mpole aliyeongea na mbao kuliko alivyoongea na watu. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1995 Mutakura ikapinduka. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuchomeana nyumba, na waliokuwa wa upande usiotakiwa wakabeba walichoweza na kukimbia. Ildephonse na mkewe walifika kwenye bariyeri ya magogo na matairi, yeye amebeba sanduku la vifaa vyake kichwani. Vijana wenye mapanga walikuwa wamesimama, lakini aliyekuwa akiamua alikuwa ameketi juu ya kreti ya bia, anachokoa meno. Aliitwa Herménégilde. Siku za amani alikuwa mteja wao, na kabati la mke wake Ildephonse ndiye aliyelitengeneza.

"Mama ni Mukongomani, apite," alisema. "Fundi abaki. Tuko na kazi yake."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza meza. Béatrice alisukumwa mbele, akaangalia nyuma mpaka shingo ikamuuma. Hakumwona mumewe tena, wala maiti yake hakuoneshwa. Njiani kuelekea Nyakabiga watoto watatu asiowajua walimfuata, kwa kuwa alikuwa mtu mzima pekee aliyekuwa akitembea taratibu. Hakuwafukuza, na hivyo ndivyo ile nyumba ilivyoanza.

Herménégilde vita vilimnenepesha. Mabati yaliyong'olewa Mutakura yaliuzwa, milango ikauzwa, madirisha yakauzwa, na miaka michache baadaye mwenye kreti ya bia akawa na jumba Kiriri, kule juu wanakokaa wakubwa na mabalozi, anaangalia mji ulio chini kama mali yake. Ikafika 2001. Mapatano yalikuwa yametiwa sahihi ingawa mabomu yaliendelea kulia milimani, na watu wakaanza kunong'ona kwamba siku moja yataulizwa: nani alifanya nini, wapi. Ghafla matajiri wa aina yake wakawa na huruma. Walijenga vyoo vya shule, wakanunua vinanda vya kanisa. Wengine waliwapongeza. Mimi nasema ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Miezi hiyo hiyo, Wazungu waliokuwa wakileta maziwa ya unga pale Nyakabiga walifunga ofisi yao kwa hofu ya risasi. Watoto wakubwa walivumilia maharagwe. Wachanga walipewa maji ya uji, na mdogo kuliko wote, Benite, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, aliyatapika kila mara. Jovithe akapanda Kiriri na suti yake. Akarudi uso unang'aa.

"Tumepata ngombe," alisema. "Ngombe ya Kizungu, anakamuliwa asubui na mangaribi. Na majani yake italetwa na gari."

"Ya nani?"

Jovithe alijifanya anafuta miwani. "Ya Herménégilde."

Béatrice alitema mate chini, karibu na kiatu cha mzee. "We unamujua. Nilikuambia kila kitu. Na ukaenda kuomba kwake?"

"Nilienda kuombea batoto! We hasira yako itabazika hawa. Ya zamani ni ya zamani, mama."

"Anataka nini?"

"Kitu kidogo tu. Mukure ubwatsi. Kwake, mbele ya bageni. Na njo we ule atasema."

Hapo Béatrice alielewa, akacheka kicheko kibaya. Kwa Warundi, ng'ombe si mfuko wa mchele. Aliyepewa ng'ombe lazima siku moja apeleke pombe kwa aliyempa, asimame mbele ya mashahidi, aeleze nyumba hizi mbili zilivyofahamiana, na ashukuru. Huko ndiko gukura ubwatsi, kuondoa nyasi. Mama yake Ildephonse alimfundisha alipokuwa bi harusi: siku hiyo anayeshukuru hakatizwi, maana kumkatiza ni kumtukana ng'ombe. Na akishamaliza, mdomo umefungwa. Huwezi tena kusimama kumshitaki mtu uliyeondoa nyasi kwake. Herménégilde hakuwa akitoa maziwa. Alikuwa akinunua ulimi wa mjane, kwa kuwa katika mji mzima ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote na ile kreti, na akabaki hai.

"Apana," alisema.

"Fadhila ya punda ni mateke!" Jovithe alifoka, akaondoka bila kuaga.

Wanakomite wengine walikuja mmoja mmoja kumshambulia. Mmoja alimwambia kwamba yeye ni mgeni, arudi kwao Kongo na kinyongo chake. Mwingine alimwambia mumewe amekufa, aache kaburi lake na kuwaangalia walio hai. Kaburi gani, Béatrice aliuliza. Wote aliwajibu, wote aliwashinda kwa maneno. Aliyemshinda ni Benite. Mchana mmoja alimkuta mtoto ananyonya pembe ya kanga, macho wazi, halii. Alimfinya kidogo mguuni ili alie. Mtoto alimtazama tu, kisha akarudia kunyonya kitambaa. Béatrice aliketi chini pale pale na kulia kwa niaba yake, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimchukia Herménégilde kwa kumuua mumewe, na sasa alimchukia upya kwa kuwa na maziwa.

Alipoinuka alimtuma jirani amwite Jovithe.

"Ngombe aje," alimwambia. "Na kwa kukura ubwatsi tutaenda. Mi njo nitasema, na nitasema yote vile inafaa."

Ng'ombe akaja, mnene, mweusi na mweupe, akafungwa uani na kula bustani ya mchicha siku ya kwanza. Benite alikunywa, akatapika, akanywa tena. Wiki ya tatu alikuwa akilia kwa sauti ya kukera mtaa mzima, na Béatrice hakumnyamazisha. Ndipo akaazima chungu kwa jirani, akakijaza pombe ya ndizi, akapanda nacho Kiriri.

Herménégilde alikuwa amealika watu wa maana: wakubwa wa ofisi, wafanyabiashara, mtu wa redio, na wake zao waliojitanda vitambaa vya hariri vya sherehe. Mashahidi wote aliwachagua yeye mwenyewe. Alimpokea Béatrice kwa mikono miwili, mpole kama padri. Kama alimkumbuka, na alimkumbuka, haikuonekana usoni. Jovithe alianza kuongea kwa Kirundi kizuri, lakini Béatrice akamvuta koti.

"Akunywe kwanza," alisema. "Asikunywe, sitasema."

Wageni wakacheka. Herménégilde akainama, akaweka mdomo kwenye mrija, akanywa pombe ya Nyakabiga mbele ya wote. Akishakunywa, kwa desturi zawadi imeshashukuriwa, na ng'ombe hakuwa tena wa kurudi. Béatrice akasimama wima. Aliongea Kiswahili, ili na madereva na walinzi waliokuwa getini wasikie.

"Ngombe yako tulimupata. Iko na maziwa mingi. Batoto banakunywa, na yule mudogo alirudia kulia. Kwa ile, merci." Alivuta pumzi. "Sasa niseme vile tulijuana, juu njo desturi. Bwana yangu alikuwa fundi Ildephonse, wa Mutakura. Kabati ya bibi yako, yeye njo alitengeneza."

Mke wa Herménégilde alitabasamu, akatikisa kichwa kwamba ni kweli.

"Mara ya mwisho tulikutana ku bariyeri. Ulikuwa umekaa juu ya kreti. Ukasema mi nipite. Bwana yangu abaki, uko na kazi yake."

Tabasamu la mke likafa. Mtu wa redio akaacha kutafuna. Herménégilde aliinua mkono, lakini mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando yake, mtu wa desturi, alimshika kiwiko: anayeondoa nyasi hakatizwi. Jovithe alikuwa akitazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza hakujaribu kumzuia Béatrice.

"Mi nilingoja. Miaka sita nangoja," Béatrice aliendelea. "Leo tumekuwa bandugu, baba, umenipa ngombe. Sasa nakuuliza kama ndugu. Ile kazi ya fundi ilisha? Kama ilisha, munionyeshe fasi mulimutupa, nimuzike. Nimemaliza. Asante kwa maziwa."

Akabaki amesimama, kwa kuwa desturi humtaka mwenye ng'ombe ajibu. Kila mtu alijua hivyo, na kila mtu alimgeukia. Herménégilde alitazama mgeni mmoja, akatazama mwingine, na wote waliyakwepa macho yake. Kilichomtoka hakikuwa jibu la shukrani wala la mtu asiye na hatia.

"Haikuwa mi peke yangu," alisema. "Tulikuwa bengi pale."

"Basi," Béatrice alisema, "na bale bengine balete ngombe."

Kisha akaomba arudishiwe chungu, kwa kuwa kilikuwa cha jirani.