Taya langu lilifungwa waya, na estate nzima ikaanza kujibu maswali kwa niaba yangu

Wakuu wa jukwaa, niaje. Heshima kwa wakubwa, na vijana pia nawasalimu.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Nimekaa wiki nyingi mdomo ukiwa umefungwa kwa waya, na mtu akitoka huko hana nguvu ya kubuni hadithi. Asiyeamini aje mtaani Umoja aulizie yule mwenyekiti aliyepigwa na geti. Ataletwa hadi mlangoni kwangu, na njiani atasimuliwa mara tatu, kila mara tofauti.

Kwanza mnijue. Mimi nakodisha tenti na viti vya harusi, na ukinilipia viti mimi mwenyewe nakuwa MC wako. Mdomo ndio jembe langu. Pia nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya court yetu, yaani nyumba zetu zote zinazotumia geti moja.

Sasa hilo geti.

Kamati ilikubaliana tuweke paipu ya chuma ya kuzuia magari. Mafundi wakaiweka. Upande mmoja paipu ndefu, upande mwingine mkebe wa rangi uliojazwa simiti. Soja, mlinzi wetu wa getini, akishikilia kamba, paipu inalala. Akiachilia, simiti inashuka na paipu inaruka juu. Teknolojia ya hali ya juu, mkuu.

Nikasema kitu kama hiki hakiwezi kuanza kazi bila kuzinduliwa. Tukafunga utepe. Nikaleta spika zangu. Nikasimama nimeiinamia ile paipu kama mhubiri kwenye mimbari, nikaanza kuwaeleza majirani vile usalama unaanza na mimi na wewe.

Hotuba ilikuwa tamu. Nilipofika mahali pa kusema "na leo tunafungua ukurasa mpya," soja alisikia neno moja tu, "tunafungua". Akaachilia kamba.

Sikumbuki kudondoka. Nakumbuka watu wakipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya programu.

Nilipoamka, meno yangu yalikuwa hayakutani. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichojua. Unafunga mdomo, na meno ya chini yanaenda kwa jirani. Damu kidogo, uchungu mwingi, na kila mtu pale amesomea udaktari.

Mmoja alisema ni mshtuko tu, niwekewe maji ya chumvi. Mama mmoja wa block ya nyuma akaleta leso, akanifunga kutoka kidevuni hadi utosini, nikakaa kama maiti inayongoja jeneza. Makamu wangu kwenye kamati, Otieno, ambaye kazi yake ni karani wa kaunti, akasema taya halivunjiki, linateguka tu, na yeye ana mjomba kule nyumbani anayelirudisha kwa kofi moja.

Mke wangu Nafula, Mama Ian, hakubishana na mtu. Aliniambia nifunge meno polepole, akatazama ndani ya mdomo, kisha akamwambia Otieno atafute gari. Otieno naye akapanda, kuwakilisha kamati.

Hospitali sitaitaja. Tulipigwa picha, na baadaye tukaitwa na daktari wa upasuaji wa mdomo na taya, mama mmoja mpole asiye na haraka. Akatuonyesha kwenye skrini. Taya la chini limevunjika karibu na kidevu, na tena juu karibu na sikio. Alisema ataweka kibati kidogo cha chuma chini ya ufizi, kisha atayafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya ili taya litulie lipone.

Kisha akauliza kama tuna maswali.

Wakuu, sijui kwa nini watu hufikiri daktari akisema hivyo anafungua bunge.

Otieno alianza. Je, ni kweli ukiguswa taya la juu jicho linakufa? Daktari akamwambia hapana, na isitoshe lililovunjika ni la chini. Je, hicho kibati kitavuta radi? Hapana. Akiingia benki mlango utapiga kelele? Hapana, ni kidogo mno. Je, mgonjwa anaweza kuamka kutoka usingizini akiwa amepoteza akili? Daktari akaeleza kwamba nitalazwa usingizi kamili, na yuko mtu ambaye kazi yake yote ni kunichunga mpaka niamke, na kwamba kuduwaa kwa muda baada ya dawa ni kawaida. Otieno akaniangalia kama mtu anayejiuliza tofauti itajulikanaje.

Swali langu mimi lilikuwa moja, nalo nililitoa kwa kukoroma. Msimu wa harusi unakaribia, nitashika maikrofoni lini? Daktari alielewa. Akasema nisahau maikrofoni kwa wiki kadhaa, na hata waya zikitoka nitaanza kujifunza kufungua mdomo upya, kidogo kidogo.

Halafu Nafula akaanza.

Atakula nini? Vitu vya majimaji tu, uji mwepesi, maziwa, supu iliyochujwa, mara nyingi kwa siku maana atakonda. Dawa atamezaje? Za maji. Atapigaje mswaki? Nje ya meno kwa mswaki laini, kisha asukutue kila baada ya kula. Kuvimba kutaisha lini? Kutazidi kwanza siku za mwanzo, kisha kutashuka. Dalili gani nikiona nimlete mbio? Homa, usaha, uvimbe unaorudi baada ya kupungua, shida ya kupumua.

Nilikuwa nimemkanyaga mguu mara kadhaa. Foleni nje ilikuwa ndefu na Otieno alikuwa anacheka chini chini. Nafula akaondoa mguu wake, akauliza lingine.

"Na akitaka kutapika, na mdomo umefungwa?"

Otieno akasema, "Mama Ian, huyu ni mwanaume mzima, hawezi kutapika ovyo."

Daktari hakumtazama Otieno. Alivuta kiti karibu na Nafula.

"Hilo ndilo swali nilikuwa nangojea," alisema. "Mwinamishe mbele mara moja, kichwa chini. Mara nyingi yatatoka yenyewe katikati ya meno na kando ya mashavu. Yakikataa, au ukiona hapati pumzi, kata waya za wima, zile zinazoshika meno ya juu na ya chini. Nitakuonyesha zipi. Halafu mlete hapa, usiogope kwamba umeharibu kazi yangu."

Akampa koleo ndogo ya kukatia waya na kumwambia isikae mbali na mimi hata nikienda chooni. Nafula akaitia kwenye mkoba, na nyumbani ikaishi kwenye mfuko wa aproni.

Upasuaji ulienda vizuri. Sitawachosha na hiyo, nilikuwa nimelala.

Nilirudi nyumbani na uso wa ukubwa wa sufuria na mdomo umefungwa kabisa. Ndipo nikajua jambo ambalo hakuna daktari atakayekuambia. Mtu asipoweza kuongea, watu wanaamua kwamba hasikii pia.

Wageni walikuja kwa zamu. Wanakaa kwenye kochi langu, wanakunywa chai yangu, wananiuliza, "Mzee, unaendeleaje?" kisha wanageukiana na kujibiana. "Anaendelea vizuri." "Hapana, amekwisha, angalia shingo." Wanaongea kwa sauti ya juu, polepole, kama wanamwongelesha mtalii. Jirani mmoja alimuuliza Nafula, mbele yangu, kama bado nina zile tenti nyeupe, maana mambo yakienda vibaya angependa kuzinunua.

Chakula nacho. Kila mtu ana blender na kila mtu ana imani yake. Nimenyweshwa githeri ya mahindi na maharagwe iliyosagwa. Nimenyweshwa omena iliyosagwa pamoja na ndizi, na mleta akasema hiyo inajenga mfupa. Mzee Hassan mwenye duka la getini, peke yake, alileta supu ya mbuzi iliyochujwa mara mbili, akaiweka mezani, akanishika bega na kuondoka bila kutoa ushauri wowote. Mungu ambariki.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa, kamati ikaja kunijulia hali. Wote. Walikuja na vitabu vyao na kalamu, nikaanza kushuku.

Otieno akafungua kwa maombi. Akashukuru Mungu kwa maisha yangu. Akasema kazi ya court haiwezi kusimama kwa sababu ya taya la mtu mmoja. Akapendekeza yeye ashike uenyekiti kwa muda. Mimi nikatikisa kichwa kukataa, lakini shingo ilikuwa imekaza, kichwa kikaenda nusu upande na nusu chini.

"Mwenyekiti amekubali," akasema Otieno. "Iandikwe."

Ikaandikwa. Makofi.

Nikainua mkono kupinga. Ikaandikwa kwamba nimeunga mkono.

Sasa, kabla hawajafika, mama wa ile leso alikuwa ameniletea kikombe cha kitu chake. Avocado, maziwa mala ya mgando na mafuta ya samaki. Nilikuwa nimekunywa kwa heshima, juu ya dawa ya maumivu. Wakati Otieno anaingia kwenye ajenda ya takataka, tumbo langu likageuka.

Wakuu, sijawahi kuogopa hivyo. Mate yanajaa, jasho linatoka, na unajua kinachokuja, na mlango umefungwa kwa chuma. Nikajaribu kusimama, nikarudi kwenye kochi. Nafula alikuwa jikoni, redio ya nyimbo za injili inaimba.

Nikamwangalia Otieno machoni. Nikafanya ishara kwa vidole viwili, kama mkasi. Kata. Kata.

Otieno akanitazama kwa makini.

"Mwenyekiti anasema tukate ada ya takataka," akasema.

Wakashangilia. Mmoja akasema kumbe mzee bado ana akili. Nikafanya tena, kata, kata, na mkono mwingine nikaonyesha mdomo. Katibu akauliza kama nasema pia tukate posho ya chai ya kamati, na hapo kukawa na ubishi, maana hiyo ajenda iliwagusa. Wakaanza kupiga kelele wao kwa wao. Yakaja matapishi ya kwanza. Yakagonga meno yakarudi. Pua ikaziba. Nasikia wanapigia kura posho na mimi sipati hewa.

Nikapiga meza teke. Kikombe kikavunjika.

Sijui kama Nafula alisikia kikombe au alisikia kelele zimebadilika. Nilimwona tu mlangoni. Hakuuliza kitu. Alimsukuma katibu na kalamu yake, akanishika kisogo, akaniinamisha hadi kichwa kikawa kati ya magoti. Kiasi kikatoka kando ya mashavu, lakini bado sikuvuta pumzi. Nikasikia kidole chake kinavuta mdomo wangu kando. Koleo ikalia tik. Tena tik. Tena.

Mdomo ukafunguka kama droo. Kila kitu kikatoka, juu ya viatu vya Otieno vya kanisa.

Nikavuta hewa. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama ile hewa ya sebuleni kwangu, pamoja na harufu yake yote.

Kamati ilikuwa imesimama ukutani. Nafula alikuwa amepiga magoti mbele yangu, koleo bado mkononi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Alikuwa anawaambia hawezi kupumua. Nyinyi mlikuwa mnamsikiliza nani?"

Walitoka mmoja mmoja. Mzee Hassan akafunga duka, akatupeleka hospitali na gari lake.

Daktari alitazama, akasema kibati kiko sawa, mfupa haujasogea, na waya zilizokatwa ndizo hasa zilizopaswa kukatwa. Alinifunga tena, safari hii kwa raba ngumu. Akamuuliza Nafula kama ana swali. Nafula akasema analo: wageni anaweza kuwakataza kisheria? Daktari akacheka, akasema yeye anaandika barua kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Leo raba zimetoka. Nafungua mdomo vidole viwili, nikijitahidi vidole viwili na nusu. Natafuna wali na mboga laini. Nyama bado naiangalia tu. Harusi mbili nimezipa MC mwingine, ya tatu nitaifanya mwenyewe, kwa hotuba fupi. Bibi harusi alifurahi sana nilipomwambia itakuwa fupi, sijui kwa nini.

Otieno bado ni mwenyekiti. Sikukata rufaa. Ada ya takataka ilikatwa kweli, na sasa takataka hazichukuliwi, na akiulizwa anasema ulikuwa uamuzi wa mtangulizi wake.

Somo langu, wakuu. Ukiambiwa unaenda kupasuliwa taya, au hata kung'olewa gego tu, usiende na mwakilishi wa kamati. Nenda na mtu mnayelala nyumba moja. Mwache aulize mpaka foleni ikasirike. Swali linalokuaibisha kwa daktari ndilo utalihitaji siku ambayo huwezi kuuliza chochote.

Na mimi nina swali kwenu, kwa waliopitia hii kitu. Kidevu changu hakina hisia hadi sasa. Daktari anasema mshipa wa fahamu ulibanwa na hisia itarudi taratibu, huenda ikachukua miezi. Nikinywa uji unadondoka na mimi sijui, naendelea kuongea kama bwana mkubwa. Nafula ananyoosha mkono tu kutoka upande wake wa meza, anapangusa, anaendelea kula.

Yenu ilirudi baada ya muda gani? Tiririkeni hapa chini. Ila kusema ukweli, sina haraka nayo.