Mayai ya Dakika Sita

Mayai haya hayapikwi na mtu mwenye njaa. Unayachemsha leo ili uyale kesho, na katikati ya hapo huna la kufanya ila kuyaacha yalale kwenye soya. Huku Mahurunga yananifaa, kwa sababu baada ya ualimu kazi yangu ya pili ni kungoja.

Aliyenifundisha ni mume wangu. Tulipooana tulipanga chumba Mtwara mjini, yeye afisa kilimo, mimi bado natafuta ajira. Siku moja aliona kwenye simu jinsi watu wa mbali wanavyoyatengeneza, akaamua kwamba na sisi tutakula hivyo hivyo. Maji yachemke kwanza. Mayai yashushwe kwa kijiko, moja moja, yasije yakapasuka. Dakika sita kwa yai la kisasa, pungufu kidogo kwa la kienyeji maana ni dogo, halafu upesi kwenye maji ya baridi. Unayamenya ndani ya maji, kwa subira, kwa sababu kiini bado ni laini na ukibana kidogo tu umelipoteza yai. Kisha unatafuta chupa ya mdomo mpana: soya sosi, maji, sukari, tangawizi ya kuponda, kitunguu saumu, pilipili kichaa mbili tatu. Kesho yake yamekuwa ya kahawia, na kiini kimeshika kama asali nzito.

Yeye alikuwa mkaguzi asiye na huruma. Chumvi ikipungua anasema, ikizidi anasema mara mbili. Yai langu la kwanza alilitafuna polepole, akaniuliza kama nilikwenda kulilowekea baharini. Nilimnunia mchana kutwa. Jioni akala mengine mawili akiwa amesimama, anayatoa kwenye chupa kwa vidole, soya inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na mimi nikashindwa kuendelea kununa.

Ajira yangu ikatoka, nikapangiwa Mahurunga. Mwaka huo huo yeye akahamishiwa Katavi. Anayeijua ramani ya nchi hii hahitaji maelezo: mimi niko karibu na mdomo wa Ruvuma, yeye yuko kule nchi inakokaribia kuisha upande wa pili. Tulikubaliana kila mmoja aombe uhamisho wa kumfuata mwenza, na atakayejibiwa kwanza ndiye atakayefunga mizigo. Mwanzoni tuliulizana habari hiyo kila jioni. Baadaye tukawa tunaulizana mara moja moja. Ni nani kati yetu aliyeacha kuuliza kwanza, sikumbuki, ila najua nilichokuwa nangoja: kujua kama bado tuna nyumba moja iliyogawanywa na barabara, au zimeshakuwa nyumba mbili.

Nimepanga vyumba viwili uani kwa bibi mmoja mjane, mkulima wa mihogo na korosho. Shamba lake kubwa liko upande wa Mpapura. Korosho zikianza kudondoka anafunga mlango wake na kuhamia huko na wajukuu, na nusu ya majirani wanafanya vivyo hivyo kila mtu kwenye shamba lake. Uani nabaki mimi na kuku. Hiyo ndiyo miezi mibaya. Nikirudi kutoka shuleni naongea na sufuria. Naiuliza kama imechemka, halafu naudhika kwamba haijibu.

Bibi ana friji barazani ya kugandishia barafu za ubuyu, na aliniruhusu niweke chupa yangu humo. Hakuwahi kuuliza kuna nini ndani, ingawa nilimwona akiitazama kwa jicho la pembeni. Kabla ya msimu mmoja kuanza aliniletea kisamvu cha nazi kwenye bakuli. Bakuli la mtu halirudishwi tupu, hilo hata sisi wa bara tunalijua, na siku hiyo sikuwa na kitu kingine. Nikampelekea mayai yangu manne.

Hata saa haikupita. Akabisha hodi, bakuli mkononi, mayai yote manne ndani, mvuke bado unafuka.

"Gesi ilikuishia, mwanangu? Ungeniambia tu. Nimeyamalizia kwenye mkaa wangu, sasa yameiva."

Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikakata moja. Kiini kilikuwa kikavu, kimezungukwa na rangi ya kijani. Nilikasirika kweli. Ulowekaji wote ule, tangawizi yote ile, halafu mtu anakuja kukutokosea kwenye sufuria ya mkaa! Nikakaa chini nikayala yote manne, na nikiwa nayala nikaanza kulia. Mayai yalikuwa mabaya, lakini siyo yaliyoniliza. Ilikuwa zamani mno tangu mtu yeyote ajiulize kama gesi imeniishia.

Mwishoni mwa msimu huo shule zilifungwa na mume wangu akapata likizo. Bibi alikuwa bado shambani, uani kimya. Mume wangu alishawahi kunitembelea huku mara mbili, lakini ziara hii ilikuja baada ya muda mrefu kuliko zote, na nilijipanga. Nilikwenda mjini kutafuta mayai ya kisasa, nikarudi nimeyapakata njia nzima, nikimkodolea macho kila aliyenisogelea. Soya sosi niliyoizoea haikuwepo, nikachukua nyingine, nzito na nyeusi zaidi. Nikapika kwa dakika zilezile. Nikapima kwa kijiko kilekile.

Siku aliyofika nilionja moja asubuhi. Chumvi ilinikamata ulimi. Ningeweza kuyatoa na kuyaloweka kwenye maji matupu, muda ulikuwepo. Niliyaacha. Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimeshaanza kumsikia kichwani, na jibu langu lilikuwa tayari.

Alifika mchana, amekonda kidogo, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kile anachokaa mzazi wa mwanafunzi akija kuniona. Aliuliza kama anaweza kuchaji simu. Baadaye aliuliza kama anaweza kuchota maji ya kunywa. Nikamwambia mtungi si ule pale, na nikacheka, na yeye akacheka kwa adabu.

Nilitenga wali na mayai. Chupa niliiweka wazi mezani makusudi, karibu na mkono wake. Hakuigusa. Alingoja nimpakulie.

"Umejisumbua sana," alisema.

Alikula la kwanza lote, akashushia na glasi ya maji. Nikamwuliza yakoje.

"Mazuri. Asante."

"Hayajazidi chumvi?"

"Hapana, yako sawa kabisa." Akachukua la pili, akalila taratibu mpaka likaisha, akajimiminia maji tena.

Nilimtazama koo lake likipanda na kushuka. Heri angelitema. Heri angeniuliza kama siku hizi bahari imehamia Mahurunga. Nilishikwa na hofu pale mezani, hofu ya kweli, kwa sababu mtu anayenivumilia hivyo hakuwa mume wangu niliyemzoea. Na mimi nikamsaidia kuwa mgeni. Nilimkaribisha la tatu, naye akasema ameshiba.

Siku zote alizokaa hatukugombana hata mara moja. Alikaza bawaba za mlango wangu. Aliuliza habari za mkuu wa shule na akasikiliza jibu mpaka mwisho. Alikunja shuka yake asubuhi, na sahani aliyolia aliiosha mwenyewe. Swali la uhamisho nilikuwa nalo mdomoni tangu siku ya kwanza, na kila nilipofungua mdomo nilijikuta nauliza kama aongezewe chai. Yeye pia nadhani alikuwa nalo lake. Alikuwa akianza kusema kitu, kisha anasifu upepo wa huku.

Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza mpaka kwenye basi la Mtwara. Alipanda, akaweka begi lake, halafu akashuka tena kuniaga vizuri. Alinishukuru kwa yote, akasema nimemtunza. Utingo alikuwa anagonga bodi.

"Karibu tena," nikamwambia.

Yalinitoka yenyewe, maneno tunayowaambia wakaguzi wakimaliza kazi shuleni. Niliyasikia yakiwa yameshafika kwake. Nikabaki nikimtazama usoni, nikiomba kwa moyo wangu wote akasirike, aniulize nimkaribishe wapi wakati kwangu ni kwake.

"Asante, nimeshakaribia," alisema, akanipa mkono.