Kadi kwa Mwandiko wa Mwenye Duka

Hebu mwone msichana wa darasa la nane katika duka moja la mtaa wa Jericho, wiki ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa. Amechagua kadi ya kumtakia mtahiniwa heri, yenye maua mekundu. Kisha anamsukumia mwenye duka kalamu.

"Niandikie."

"Siste, si wewe ndiye msomi? Kadi ya nani?"

"Yangu. Kesho mwalimu anaita majina ya waliotumiwa kadi, na mwandiko wangu darasa zima wanaujua."

Mwenye duka akaacha kucheka. "Niseme imetoka kwa nani?"

"Andika tu: 'Dada yako.'"

Akaandika polepole, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza. Msichana akaipuliza kadi, akaondoka bila kugeuka.

Nyuma yake nilisimama mimi, mwalimu wa miaka mingi. Kila mwaka nimeyaita majina hayo kwa furaha, nisimtazame asiyeitwa. Nafundisha hesabu, lakini hiyo ndogo ilinishinda.

Ukimnunulia mwanao kadi, tafadhali mkumbuke anayeketi naye dawati moja.